Mayai 60 ya Kanga, Vifaranga 9: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kibosho, Moshi

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, mama mmoja wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliweka mayai 60 ya kanga kwenye mashine ya kutotolesha. Vifaranga waliotoka ni 9. Siku ileile, kwenye mashine ileile, aliweka pia mayai 50 ya kuku wa kienyeji, na hayo yakampa vifaranga 41. Aliponipigia simu alikuwa ameshafikia uamuzi: mashine airudishe kwa fundi aliyemuuzia, na kanga wote 11 awauze kabla hawajamtia hasara nyingine, kwa kuwa "hawa ni ndege wa porini, hawakuumbwa kukaa bandani."

Ninakiandika kisa hiki kwa idhini yake, bila jina lake, kwa sababu hukumu ya namna hiyo naisikia kila masika, kuanzia Machame hadi Mwika. Watu wanaacha kanga, na inaniuma, maana kanga akishakua ni ndege mgumu, anajitafutia chakula kihambani (shamba la migomba linalozunguka nyumba), anakula panzi na kupe, na mlio wake unamtangaza mwizi kabla mbwa hajaamka. Wengi wanaomwacha hawajawahi kujua ni nini hasa kiliharibika.

Nilimwomba jambo moja tu: asitupe mayai yaliyogoma. Kwa kawaida mayai viza hufukiwa siku ileile kwa sababu ya harufu, na ushahidi wote unafukiwa nayo. Nilipofika kwake alikuwa bado anayo kwenye trei, 51, nje ya jiko.

Kabla ya kuyapasua tulizungumza kuhusu wale kuku. Mayai 41 kati ya 50 kwa mashine ya nyumbani ni kazi nzuri. Mashine yenye joto bovu haichagui. Ingeua kuku na kanga kwa pamoja. Kwa hiyo kwa siku 21 za kwanza, joto na umeme vilikuwa sawa kabisa, na fundi wa mjini hakuwa na kesi ya kujibu. Mama alikubali kwa shingo upande. "Basi kama si mashine ni kanga wenyewe," akasema. Kijana wake akaleta sahani nyeupe na daftari, tukaanza.

Mayai 34 hayakuwa na kitu. Kiini cha njano kilikuwa kizima au kimelegea kidogo, bila tone la damu wala uzi wa mshipa. Manne yalikuwa na pete ya damu, dalili kwamba kiinitete kilianza kisha kikafa katika siku za mwanzo. Na 13 yalikuwa na vifaranga waliokamilika: manyoya, kucha, kiini kimeshaingia tumboni. Watano kati ya hao walikuwa wamekwisha kutoboa ganda kwa mdomo, wakafia pale. Utando wa ndani ulikuwa umekauka na kuwagandama kama karatasi iliyolowa gundi.

Hapa ndipo kisa kinagawanyika. Mayai matupu na vifaranga waliofia mlangoni havina chanzo kimoja, na anayetafuta jibu moja kwa yote mawili atazunguka bila kufika. Nianze na yale 34, kwa kuwa ndiyo hasara kubwa.

Yai likishakaa mashinini wiki nne, si rahisi kutofautisha lile ambalo halikuwahi kupata mbegu na lile ambalo kiinitete chake kilikufa katika saa za mwanzo kabisa. Njia ya kukata shauri ni kupasua mayai mabichi ya kanga walewale. Juu ya kiini cha kila yai kuna kidoa cheupe. Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo kilichoshikana, kingo zake hazieleweki. Yai lenye mbegu lina kidoa kikubwa zaidi chenye umbo la pete, katikati pakiwa angavu. Huhitaji darubini; unahitaji mwanga wa jua na macho yaliyotulia. Mama aliokota mayai sita ya siku ile na jana yake, tukayapasua kwenye bakuli. Mawili yalikuwa na pete. Manne hayakuwa nayo. (Yote sita yalikaangwa; mbegu haibadilishi ladha.)

Tatizo basi lilikuwa bandani, miezi kadhaa kabla mashine haijawashwa.

Nikamuuliza ana madume wangapi. "Matatu, majike nane," akajibu bila kusita. Uwiano huo ungetosha kabisa. Lakini niliposikiliza lile kundi, kila upande nilisikia mlio wa jike.

Kanga ni ndege anayewadanganya hata wafugaji wazoefu. Kwa kuku, jogoo unamjua kwa upanga, mkia na majigambo. Kwa kanga, dume na jike wanavaa madoadoa yaleyale, ukubwa uleule, na wote wana pembe ya kichwani na ndevu za kuning'inia. Ndevu za dume aliyekomaa huwa kubwa na nene zaidi, zimejikunja kwa mbele, lakini jike mzee anaweza kumzidi dume kijana, na majike nao hufukuzana na kupigana. Alama ya kuaminika kwa mfugaji wa kawaida ni sauti. Jike hutoa mlio wenye sehemu mbili, ya kwanza fupi na ya pili ikipanda juu, anaurudiarudia. Dume hatoi mlio huo. Yeye ana mlio wa sehemu moja tu, mkali, wa mfululizo. Ila jike pia huweza kutoa ule wa sehemu moja akishtuka, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanasikia mlio wa dume, wanamwandika ndege kuwa dume, wanaondoka. Mlio wa sehemu moja hauthibitishi chochote. Wa sehemu mbili unathibitisha jike.

Tulifanya hivi. Kila kanga aliwekwa peke yake kwenye tenga, mbali na wenzake lakini akiwasikia. Kanga hapendi upweke. Baada ya muda mfupi huanza kuita. Jike akijulikana alifungwa uzi mwekundu mguuni na kurudishwa. Wale walionyamaza walirudiwa asubuhi zilizofuata, na kazi hiyo aliimaliza kijana wake mwenyewe, kwa uvumilivu ambao niliufurahia sana. Jibu lilipokamilika: majike 10, dume 1.

Madume mengine yalikwenda wapi? Krismasi. Kama ilivyo Uchagani, Desemba watu walipanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na kanga wakapata wateja kuliko alivyotarajia. Alikuwa na kundi la 19. Aliuza na kuchinja wanane, akiwa na nia njema kabisa ya kupunguza majogoo. Aliwabakiza watatu aliowaona ndio madume bora, wenye pembe ndefu na waliokuwa wakifukuza wenzao. Wawili kati ya hao walikuwa majike wakubwa. Madume halisi yaliliwa na kachumbari.

Aliposikia hivyo akauliza swali ambalo kila mfugaji wa kuku angeuliza: "Mwanangu, jogoo mmoja wangu anahudumia matetea kumi na mayai yao yanatotoka vizuri. Huyu kanga ana nini?"

Ana tabia ya kwao. Porini, mvua zikianza, kundi la kanga huvunjika na kila dume huambatana na jike mmoja, akimlinda wakati anakula na kutaga. Ufugaji umeilegeza tabia hiyo lakini haujaifuta. Bandani dume huhudumia vizuri majike manne hadi matano. Ukimpa kumi, atashikamana na wachache anaowapenda na wengine ataishi nao kama majirani tu. Hao majirani wataendelea kutaga kila siku, maana kutaga hakuhitaji dume, na wewe utaendelea kuokota mayai mazuri yasiyo na kitu ndani. Kwa mtu anayeuza mayai ya kula hilo si tatizo. Kwa mtu anayetotolesha ni maangamizi, tena ya kimyakimya.

Angeweza kuligundua mapema? Alijaribu. Siku ya saba alimulika mayai yote kwa tochi ya simu. Ya kuku aliyasoma vizuri. Ya kanga yote yalionekana meusi, akadhani yana uhai. Ganda la yai la kanga ni nene, gumu na la rangi ya kahawia, na tochi ya simu haipenyi vya kutosha. Kwa kanga subiri siku ya 10, ingia chumba chenye giza totoro, na tumia tochi yenye mwanga mkali unaoubana kwenye ncha butu ya yai. Angefanya hivyo angeyaondoa yale matupu wiki zaidi ya mbili kabla.

Yale manne yenye pete ya damu sitayakalia sana. Mayai yalikuwa yakikusanywa kwa siku kumi hivi kwenye rafu iliyo juu ya meko, mahali panapopata joto mchana na kupoa usiku, na yai linalopashwa na kupozwa namna hiyo huanza safari kisha likakatishwa. Yai la kutotolesha likae mahali pa baridi ya wastani, ncha kali ikiwa chini, na lisizidi siku saba kama inawezekana. Kibosho ina vyumba vingi vya baridi; rafu ya jikoni ndiyo ilikuwa mahali pabaya kuliko pote nyumbani kwake.

Sasa wale 13. Hawa ndio walioniumiza, kwa sababu walikuwa wameshafika.

Kuku huanguliwa siku ya 21. Kanga huchukua siku 26 hadi 28. Mama aliyaingiza yote siku moja. Siku ya 18, kama inavyotakiwa kwa kuku, alizima kigeuzi cha trei na kuongeza maji ili unyevu upande. Mayai ya kanga, ambayo yalipaswa kugeuzwa hadi siku ya 24 hivi, yakaacha kugeuzwa mapema. Siku ya 21 na 22 mlango ulifunguliwa mara kwa mara kutoa vifaranga, na kila ukifunguliwa unyevu ulitoka pamoja na joto. Kisha, kazi ya kuku ilipokwisha, vipande vya manyoya vilijaa kwenye chombo cha maji, maji yakaisha, na hakuongeza mengine, akiamini siku zilizobaki ni chache. Zilikuwa sita. Kanga wakafika wakati wa kutoboa ganda ndani ya mashine kavu. Kifaranga akishatoboa, hewa kavu inaingia, utando unakauka na kumshika. Hawezi tena kujizungusha ili akate ganda.

Kuna jambo la mahali pia. Moshi mjini kuna mita zipatazo 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwake ni zaidi ya 1,200. Kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na mvuke hutoka kwenye vinyweleo vya ganda kwa urahisi zaidi. Yai la ndege wa kufugwa linatakiwa kupoteza takriban asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kabla kifaranga hajatoboa; likipoteza zaidi, ndani panakauka. Mtu anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam akiwa Kibosho atakuwa anakausha mayai bila kujua. Mizani ya jikoni inatosha kulifuatilia: pima mayai yaleyale siku ya kwanza, kisha kila wiki. Siamini kwamba mwinuko peke yake uliwaua hawa 13, maana kuku walitoka salama pale pale. Lakini ulipunguza nafasi ya kukosea, na kukosea kukaja.

Kama mtu ana mashine moja na anataka kuchanganya, mpango ni mwepesi: weka kanga kwanza, subiri siku sita, ndipo uweke kuku. Wote wataacha kugeuzwa pamoja na kuanguliwa pamoja.

Au aachane na mashine. Kwa mayai machache mimi bado namwamini kuku koo wa kienyeji kuliko kifaa chochote. Anafunika mayai 15 ya kanga bila taabu, anayageuza mwenyewe, na akiwa ameatamia vizuri hatainuka siku ya 21 kwa sababu tu kalenda ya kuku imeisha. Jike la kanga lenyewe si mama wa kutegemewa bandani. Wengi hutaga na kuondoka, na anayeatamia huwaburuza vifaranga kwenye majani yenye umande asubuhi hadi wanakufa kwa baridi. Masika ya Kibosho ni umande mtupu.

Mama alitaka madume haraka, na hapo tulipishana kidogo. Kulikuwa na mtu wa kuteremka tambarare aliyeahidi kumletea kanga wawili "safi kabisa, wa kutega." Nilimkatalia. Kanga wa porini ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kumkamata bila kibali ni kosa, na kuokota mayai yake vilevile si jambo la kujichukulia. Zaidi ya sheria, ndege aliyekulia porini hujigonga kwenye wavu hadi anajiua, na hujui amebeba ugonjwa gani. Nilimshauri pia apite ofisi ya wanyamapori aulize taratibu za kufuga hao alionao, awe na karatasi mkononi.

Madume alipata kwa mfugaji wa Boma Ng'ombe, kwa kubadilishana: akatoa majike mawili, akachukua madume mawili yasiyo na undugu na kundi lake. Yalisikilizwa kwenye tenga kabla ya kubadilishwa. Yalikaa banda la peke yake wiki tatu, yakapewa chanjo ya mdondo (kideri), ndipo yakaingizwa usiku wakati wengine wamelala, ili asubuhi wakute wageni wameshakuwa wenyeji. Akawa na madume matatu na majike nane, kundi lilelile aliloamini analo tangu Krismasi. Mayai ya wiki mbili za kwanza baada ya hapo nilimwambia ayale.

Msimu ulikuwa unakwisha. Kanga hutaga kwa kufuata mvua, na ilipofika mwisho wa Juni walikuwa wakitoa mayai machache. Alipata 24, akayaweka mashinini peke yake. Siku ya 10 akaondoa matano yasiyo na mbegu. Wakatoka vifaranga 15. Alinipigia usiku, na nilimsikia akicheka kabla hajasema neno.

Kulea kulileta somo lake. Baridi ya Julai na Agosti Kibosho si mzaha, na kifaranga wa kanga wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 35 hivi. Joto alilimudu vizuri. Sakafu ndiyo iliyomponza: alitandika magazeti, yakalowa na kuteleza, na vifaranga wawili wakapanua miguu pembeni wasiweze kusimama tena. Gunia lenye nyuzi za kukwaruza lingewashika. Mwingine alizama kwenye chombo cha maji kisichozidi kina cha kidole. Kokoto zilizojazwa humo zingemwokoa. Kuhusu chakula, stata (chakula cha kuanzia) ya kuku wa nyama peke yake haiwatoshi. Vifaranga wa kanga wanataka protini ya asilimia 24 hadi 26 mwanzoni, na yeye aliipandisha kwa dagaa wa kusaga waliokaushwa vizuri bila chumvi.

Waliobaki 12 walivuka wiki ya nane mwanzoni mwa Oktoba, umri ambao mlio wa sehemu mbili huanza kusikika. Kijana ana matenga mawili na nyuzi za rangi, na daftari limefika ukurasa wa tatu: sita wameshaandikwa majike, wawili anawashuku kuwa madume, wanne bado hajawaamua. Oda za Desemba zimeanza kuingia, na mama amewaambia wateja kwamba hakuna kanga atakayetoka mpaka hesabu hiyo ifungwe.